Namna ya kutembelea kilabu cha pombe ya mtama Dodoma na kuonja pombe zake

Mgeni anayefika Dodoma kwa semina au kwa shughuli za wizara mara nyingi hupelekwa kuonja mvinyo wa zabibu, na si vibaya, kwa kuwa zabibu zimeupa mkoa huu sifa. Lakini mizabibu ililetwa na wamisionari katika karne iliyopita, ilhali mtama na uwele ndizo nafaka zilizowalisha wenyeji wa nyanda hizi kavu kwa muda mrefu zaidi, na pombe inayotokana nazo, ambayo Wagogo huiita wujimbi, bado inapikwa kila wiki katika mitaa ya kando ya mji na katika vijiji vya Chamwino, Bahi, Mpwapwa na Kongwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, anayetaka kwenda kilabuni kwa heshima, aone pombe inavyopikwa, aonje aina mbili au tatu, kisha arudi salama akiwa na la kusimulia.

Kabla ya yote, ni lazima mgeni aondoe kichwani mazoea ya bia ya chupa. Bia ya kiwandani huchujwa na kupashwa moto ili hamira ife, na ndiyo maana inaweza kukaa dukani kwa miezi. Pombe ya mtama hainyamazishwi hivyo. Inaendelea kuchacha ndani ya ndoo na hata ndani ya kopo, kwa hiyo haina mwezi wa kuisha bali ina siku yake. Mimi nilijifunza jambo hilo kwa aibu. Mara ya kwanza nilikwenda Jumatano, kwa sababu ndiyo siku niliyokuwa na nafasi, nikapewa kopo la kitu kikali kama siki, nikamlaumu mpishi kimoyomoyo kwamba hajui kazi. Kumbe mama yule alikuwa amenionya tangu naingia: “Mwanangu, hii imeshalala.” Pombe ilikuwa ya Jumapili, na aliyekosea siku ni mimi.

Hatua ya kwanza: ijue siku ya pombe

Uliza siku kabla ya kuuliza mahali. Kila mpishi ana mzunguko wake, na katika vilabu vingi wapishi hupokezana zamu ili wasinyang'anyane wateja, hivi kwamba pombe ya mama huyu hutoka Jumamosi na ya mwenzake hutoka Jumanne. Ukishaijua siku ya kunywa, hesabu kurudi nyuma. Ikiwa pombe itanywewa Jumamosi, basi uji wa kwanza hupikwa karibu na Jumatano, ukaachwa ukachachuka usiku kucha. Alhamisi huchemshwa tena kwa saa nyingi. Jioni ukishapoa hutiwa kimea, yaani nafaka iliyochipuzwa, ikakaushwa na kusagwa. Ijumaa hufura na kutoa povu. Jumamosi asubuhi huchujwa. Wapo wapishi wanaofupisha kwa siku moja na wapo wanaorefusha, kila mmoja kwa mkono wake. Kwa hiyo anayetaka kuona kazi aende Alhamisi, na anayetaka kuonja aende Jumamosi. Nashauri uende siku zote mbili, kwa kuwa ladha ya Jumamosi utaielewa vizuri zaidi ukiwa umeuona moshi wa Alhamisi.

Hali ya hewa nayo inaingia katika hesabu hiyo. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na usiku wa Juni na Julai baridi yake inauma, hivyo pombe huchelewa kuiva, na utaona mapipa yamefunikwa magunia au yamesogezwa karibu na moto. Katika joto la Oktoba na Novemba mambo hugeuka: pombe iliyokuwa tamu asubuhi huwa kali jioni ya siku hiyohiyo. Msimu bora wa kutembelea ni baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Septemba, wakati ghala zina nafaka na mtama mpya uko sokoni. Kati ya Januari na Machi mazao yangali shambani, bei ya nafaka iko juu, na unachouziwa kinaweza kuwa kimeongezwa sukari nyingi kuliko mtama.

Hatua ya pili: chagua kilabu

Njia ninayoiamini kuliko kumuuliza dereva wa bodaboda ni kwenda sokoni, penye wauza nafaka, ukamtafuta anayeuza kimea. Huyo anawajua wapishi wote wa eneo lake, anajua nani hununua kimea kizuri na nani huokota cha bei rahisi, na kwa kawaida hatasita kukuelekeza. Nunua kwake kitu, japo kibaba cha karanga, kabla ya kuuliza.

Ukifika, tazama kabla ya kukaa. Kilabu kizuri kinapikia palepale au jirani, mapipa yake yamefunikwa, maji ya kuoshea makopo yanabadilishwa, na mwenye kilabu anaweza kukuonyesha leseni bila kununa, kwa kuwa kuuza pombe za kienyeji ni biashara inayohitaji kibali. Angalia pia mapipa yenyewe. Pipa lililowahi kubeba dawa za mashambani au mafuta halisafishiki kwa kusuguliwa na mchanga, na ukiona maandishi ya hatari yaliyofifia ubavuni, toka.

Kama unapoelekezwa wanauza gongo, usiingie. Gongo ni pombe iliyokenekwa kwa siri, yaani iliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa, ni haramu kwa sheria za Tanzania, na hakuna namna ambayo mnywaji anaweza kutambua kwa ulimi kama imechanganyika na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Kati yake na pombe ya mtama iliyochachuka tu pana umbali mkubwa, ingawa watu wengi wa mjini huzitia zote kapu moja kwa jina la “pombe za kienyeji” na kuzidharau kwa pamoja.

Hatua ya tatu: ingia kwa adabu

Wasalimie walioketi kabla ya kuuliza chochote. “Shikamoo” inatosha kwa wazee, lakini ukiwaambia walioko pale “Mbukwenyi”, au “Mbukwa” kwa mtu mmoja, utaona nyuso zikifunguka, hata kama Kigogo chako kinaishia hapo. Mpishi ni karibu daima mwanamke, naye huitwa mama au bibi kulingana na umri. Usimwite “dada” kwa kudhani unampendeza. Jieleze kwa ufupi: umetoka wapi, umesikia habari za pombe yake kwa nani, unataka kuonja kidogo kidogo na kujifunza. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usipige picha za wanywaji, kwani wengine wametoka kazini bila kuaga.

Kumbuka pia kwamba katikati ya Tanzania ina waumini wengi, Waanglikana, Wakatoliki, Wapentekoste na Waislamu, ambao baadhi yao hawagusi pombe kabisa. Mwenyeji wako akikuleta hadi mlangoni kisha akakaa nje na soda yake, usimshurutishe wala usimtanie.

Hatua ya nne: tazama inavyopikwa

Kazi huanza na kimea, na hapo ndipo ningemsihi msomaji atumie muda wake mwingi. Mtama au uwele hulowekwa kwa siku moja hivi, ukatandazwa na kufunikwa kwa gunia bichi, ukaachwa siku mbili hadi nne mpaka uchipue, kisha ukaanikwa juani hadi ukakamae. Punje inapochipua hutengeneza vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kugeuza wanga kuwa sukari ili mche upate chakula. Mpishi anaukatiza mche njiani na kuvichukua vimeng'enya hivyo kwa ajili ya uji wake. Hiyo ndiyo sababu kimea hakitiwi kwenye uji unaotokota. Vimeng'enya huharibiwa na moto mkali, na uji ungebaki uji. Mpishi hapimi kwa kipimajoto. Anatia mkono au kidole, na mkono wake umezoea kiasi kwamba ukimuuliza ni nyuzi ngapi atakucheka.

Omba kuonyeshwa kimea kabla hakijasagwa. Utaona kwamba mizizi na vichipukizi vimesuguliwa na kupepetwa, na jambo hili si la urembo. Chipukizi la mtama lina kemikali inayoweza kutoa sayanidi, na wafugaji wanafahamu vizuri kwamba ng'ombe akivamia mtama mchanga anaweza kufa. Kuondoa vichipukizi, kukausha na kuchemsha kwa muda mrefu hupunguza hatari hiyo, na mpishi aliyelelewa katika kazi hii hufanya yote matatu bila kuhitaji somo la kemia.

Kisha uliza ni mtama upi. Mtama mwekundu au wa kahawia, kama ule unaoitwa Serena, una tanini nyingi zinazoukausha mdomo, na kwa sababu ya uchungu huo hata ndege hawaupendi sana, jambo ambalo mkulima aliyewahi kuamka alfajiri kuwafukuza kwelea kwelea hulithamini. Mtama mweupe, kama Macia, hauna uchungu huo na hutoa pombe laini na nyepesi kwa rangi. Uwele hutoa ladha nyingine, nzito kidogo, yenye harufu inayokaribia karanga zilizokaangwa. Wapishi wengi huchanganya, na wengi siku hizi hupika uji kwa unga wa mahindi na kuuacha mtama au uwele ufanye kazi ya kimea peke yake. Hilo si udanganyifu, ila ni haki yako kujua.

Uji wa kwanza ukishapoa hutiwa kimea kidogo na kulazwa. Usiku huo bakteria wa asidi, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa, huuchachusha. Ukionja uji huo kabla haujapata kilevi utakuwa umeonja togwa, au kitu kinachokaribiana nayo sana, na mtoto anaweza kunywa. Siku inayofuata huchemshwa tena kwa kuni hadi ubadilike rangi na kutoa harufu ya mkate ulioungua kidogo. Moshi na kuungua huko ni sehemu ya ladha, na pombe iliyopikwa kwa haraka utaitambua kwa kukosa rangi hiyo. Ukishapoa hutiwa kimea cha pili, ambacho huja na hamira za asili zilizojishikiza kwenye punje na kwenye vyombo. Ndiyo maana mpishi haoshi kwa sabuni kibuyu fulani, akisema kibuyu hicho “kinajua kazi”. Baada ya saa chache utasikia pipa likinong'ona, na povu litapanda kama maziwa yanayotaka kufurika.

Hatua ya tano: onja kwa mpangilio

Jumamosi nenda asubuhi ya saa nne au saa tano, ukiwa umekula, ikiwezekana ugali kamili na si chai tupu. Agiza kiasi kidogo. Pombe hupimwa kwa kopo au kwa jagi, na mgeni anayeagiza jagi zima akaacha nusu huonekana mwenye dharau. Eleza kwamba unataka vikombe vidogo vya aina tofauti, na ulipe bei inayotajwa kwa noti ndogo, kwa kuwa chenji huwa taabu.

Mpishi mwenye adabu ataonja kwanza mbele yako kabla ya kukupa. Usilione hilo kuwa ni kujihudumia. Ni namna ya zamani ya kumwonyesha mgeni kwamba kinywaji hakina kitu kibaya. Mzee aliye karibu anaweza kumwaga tone chini kwa ajili ya waliotangulia. Nyamaza hadi amalize.

Anza na pombe changa, iliyochujwa asubuhi hiyo. Tikisa kopo kidogo, kwani machicha hutuama chini na anayekunywa maji ya juu tu hajaionja pombe bali ameonja kivuli chake. Tazama rangi: ya udongo wa Dodoma ikiwa mtama ni mwekundu, ya maziwa yenye chai ikiwa ni mweupe. Povu liwe hai, lenye vitone vinavyopasuka. Nusa kabla ya kunywa. Harufu ya uji, mkate, moshi na tunda lililoiva ni njema. Harufu kali ya siki inamaanisha imelala. Harufu ya ukungu, kama gunia lililoloa, inamaanisha urudishe kopo bila maneno mengi. Kisha chukua funda moja, ulishikilie mdomoni, usikilize mambo manne kwa zamu: utamu uliobaki, uchachu, ukavu wa tanini kwenye ufizi, na ujoto mdogo kooni. Waonjaji wa mvinyo hutema. Hapa usiteme, maana kutema mbele ya mpishi ni tusi. Punguza tu kiasi.

Baada ya hapo omba pombe ya jana, kama ipo. Itakuwa kavu zaidi, na uchachu umeutangulia utamu. Wazee wengi huipenda hiyo kuliko changa, na baada ya safari kadhaa mimi nimehamia upande wao, ingawa rafiki zangu hudai najitia uzee. Pombe ya mtama kwa kawaida huwa na kilevi cha asilimia 2 hadi 5 hivi, yaani sawa na bia au pungufu, lakini hubadilika kila saa na hakuna lebo. Uzito wake nao hudanganya: tumbo hujaa upesi kama umekunywa uji, kichwa hufuata baadaye.

Mwisho wa kuonja uwe wanzuki, na si mwanzo. Wanzuki hutokana na asali na maji, na ukanda huu una asali nyingi, kuanzia Kondoa hadi Manyoni na Singida. Ni tamu, hushuka bila kuonya, na kilevi chake huweza kuzidi cha mtama kwa mbali. Kangara ni binamu yake, iliyotengenezwa kwa pumba za mahindi pamoja na asali, au sukari siku hizi ambapo asali ni ghali. Ukiianza wanzuki kwanza, ulimi utalewa utamu na pombe ya mtama itaonekana kama maji ya kuoshea sufuria. Kati ya kikombe na kikombe kunywa maji ya chupa na utafune karanga au kipande cha nyama choma. Pipi na biskuti huharibu kila kitu.

Tahadhari za afya

Sehemu hii ni fupi lakini haifai kurukwa. Hatari kubwa ya pombe hii huanzia kwenye nafaka, kabla moto haujawashwa. Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na baadhi yao kufariki kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuchachusha. Mwaka uliotangulia, huko Chitima nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe msibani. Kwanza ulivuma uvumi wa nyongo ya mamba, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa sumu ya bakteria walioota katika unga wa mahindi ulioharibika. Mamba alisingiziwa. Kwa hiyo omba kuiona nafaka au unga uliotumika, na ukiona weusi, ukijani au uvundo, shukuru, lipa uliyokwisha kuagiza na uondoke. Mjamzito, mtu anayetumia dawa, na mtu mwenye ugonjwa wa ini wasionje hata kidogo. Dereva asiwe miongoni mwa waonjaji, na abiria asikubali bodaboda ambaye naye ametoka kilabuni.

Ukitaka kubeba ya nyumbani

Wanaopendezwa huomba lita moja ya kwenda nayo. Inawezekana, mradi ufahamu kwamba unabeba kitu kinachopumua. Chukua chupa ya plastiki iliyo safi, ijaze robo tatu tu, na usikaze kifuniko. Kifunge hadi kishike kisha ukilegeze kidogo, ukaisimamishe wima ndani ya ndoo au mfuko mgumu. Niliwahi kumwona abiria kwenye basi la kuelekea Morogoro aliyekaza kifuniko kwa nguvu zake zote, na kabla ya Gairo shati lake na la jirani yake yalikuwa na rangi ya mtama. Ukifika, iweke penye baridi, inywe siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, na machicha yakibaki wape kuku. Kama unataka kujaribu kupika mwenyewe, nunua kimea kikavu kwa yule mama wa sokoni, kwa kuwa kimea hakina haraka: kikikaa pakavu hakiharibiki kwa wiki kadhaa, na yeye atakueleza kiasi cha kutia kwenye sufuria yako vizuri zaidi kuliko nitakavyoweza mimi.